Nyumba yangu ya mbao haikungoja saruji

Juzi dada mmoja wa Ndosho, mtaa wa hapa Goma, aliniandikia: "Yaya (dada mkubwa), nimeona picha ya nyumba yako. Pesa ya kuitengeneza uliipata wapi, na mabenki yenyewe yamefungwa?" Nilisoma ujumbe ule mara tatu. Picha inaonyesha ukuta tu, mawe meusi chini na mbao juu, na kijana wangu amesimama mbele akiwa na bidoni (dumu la maji la lita 20). Lakini ukuta ule una miaka minne ya kuambiwa kwamba napoteza wakati.

Hapa Goma nyumba zina ngazi tatu: ya mbao, semi-durable (ya kudumu nusu), na durable (ya kudumu, ya tofali na saruji). Aliye kwenye mbao huonekana kama mtu anayesubiri maisha yaanze. Siku ya ubatizo wa mtoto wetu wa mwisho, shemeji yangu alisema mbele ya wageni kwamba mke wa ndugu yake anapamba sanduku. Neno lile sijalisahau. Yeye alitaka tubomoe yote, tukope, tununue tofali na saruji. Mimi niliona mbao ambazo kwa sehemu kubwa zilikuwa nzima bado.

Nilijuaje? Kwa kisu cha jikoni. Zunguka nyumba yako jioni moja, chomeka ncha ya kisu kwenye kila ubao. Kikiingia bila nguvu, ubao huo umekwisha. Kikikwama, una miaka mbele yake. Kwangu zilizooza zilikuwa za chini peke yake, hadi usawa wa goti, pale mvua inapogonga mawe na kurukia ukuta. Juu ya goti, kila kitu kilikuwa kizima. Ningebomoa nyumba nzima kwa sababu ya magoti yake?

Tukakata sehemu mbovu, tukainua ukuta mfupi wa mawe ya volkano, mbao zikakaa juu yake, mbali na maji. Mawe hatukuyanunua. Parseli yetu (kiwanja) iko juu ya lava ya Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, iliyoshuka tarehe 17 Januari 2002 ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Lava ile ilimchomea mama mkwe wangu kila kitu, na leo ndiyo inayobeba nyumba yangu. Fikiria: saruji huchomwa kiwandani kwa joto la digrii 1,450 hivi, halafu ipakiwe kwenye lori. Tofali nazo zinakula kuni. Mawe yetu mlima umeshayachoma. Saruji tuliitumia ya kuunganisha tu, na misumari ya zamani tukainyoosha kwa nyundo, mmoja mmoja, mimi na watoto.

Nilikosea pia. Watu wengi hupaka mbao mafuta machafu ya gari ili zisioze, nami nikapaka. Mvua ya kwanza ikayashusha meusi hadi kwenye magunia ya udongo niliyopanda lengalenga (mchicha). Niling'oa zote nikatupa. Tangu siku ile mafuta hayo hayaingii kwangu.

Kosa lililoniuma zaidi ni la maji. Paa langu lina mita 8 kwa 6, yaani mita za mraba 48. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu yake ni lita 480. Toa yanayomwagika, bado unabaki na bidoni 20 hivi, ambazo vinginevyo mtoto angezibeba kichwani au ungelipa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo. Nikanunua tangi la lita 1,000. Fundi akalisimamisha juu ya meza ya mbao, juu sana, akaniambia itabeba. Lita 1,000 za maji ni tani moja. Yeye hakuhesabu, na mimi sikuhesabu. Usiku wa mvua kubwa meza ilipasuka, tangi likaangukia jiko la nje. Ilikuwa saa nane, hakukuwa na mtu pale. Hadi leo nikisikia mvua ya usiku moyo wangu unaenda mbio. Fundi hakurudi kuangalia. Niliuza cherehani yangu ya pili kununua tangi jingine, na hili limekaa juu ya mawe, chini, nafasi ya bidoni moja tu kusimama chini ya robine (bomba lake), basi.

Na msikie vizuri, mama zangu: maji hayo si ya kunywa. Moshi wa Nyiragongo una asidi na fluori, na mvua inavishusha vyote kwenye mabati yetu. Ndiyo sababu mabati hapa yanapata kutu upesi. Kuchemsha hakuondoi fluori. Maji yanapungua, yenyewe inabaki, na inaharibu meno ya watoto. Mvua ya kwanza iache ioshe paa, iende zake. Inayofuata ni ya kufua, kusafisha nyumba na kumwagilia.

Upande wa kupika nitasema jambo moja. Maharage niliyolowesha tangu jana nayachemsha kwa nguvu nusu saa kwenye mbabula (jiko la makaa), kisha sufuria na kifuniko chake inaingia kwenye kikapu kikubwa chenye mablanketi ya zamani, naifunika kabisa. Baada ya saa nne yameiva, bila kaa hata moja. Gunia la makala (makaa) lililokuwa likiisha kwa wiki tatu sasa linafika wiki ya tano. Gunia hilo tunajua linatoka wapi. Mbuga ya Virunga imelindwa tangu 1925, nasi tunaila sufuria kwa sufuria, halafu tunashangaa mito inapokauka. Mtu asiniambie hana uwezo. Blanketi la zamani unalo. Kikapu unacho. Acheni kungoja mradi uje na magari yake kuwafundisha kufunika sufuria!

Dada wa Ndosho, pesa yangu ilikuwa ile ile ya kushona sare za shule, kidogo kidogo, ukuta mmoja kwa mwaka. Anza na kisu. Anza na upande ule mvua inakopiga sana, na usiguse ubao ambao ni mzima.

Mwezi uliopita shemeji alipita. Kwake bomba halikuwa limetoa maji kwa siku tisa. Alizunguka tangi kimya, akapiga mawe kwa kiatu, akaniuliza yamepangwa mistari mingapi. Nikamwambia minne, na wa chini ni mpana zaidi. Akatoa simu akaandika.