Kitabu Hakijarudi: Mwanafunzi Alipe Nini?

SWALI: Binti yangu amemaliza shule, lakini amenyimwa cheti mpaka alipe bei ya vitabu vitatu vipya, pamoja na faini ya kila siku aliyochelewa. Viwili anakiri kuvipoteza. Cha tatu anashikilia kwamba alikirudisha. Je, hii ni haki?

JIBU: Ndugu mzazi, kwa vile viwili binti yako anadaiwa, na ni vyema alipe, kwa kuwa kila nakala inayopotea humwacha mwanafunzi mwingine akichungulia kitabu cha jirani yake mwaka mzima. Hata hivyo, shule imechanganya faini, ambayo ni adhabu ya kuchelewa, na fidia, ambayo ni thamani ya kitabu chenyewe. Faini isiyo na kikomo huweza kuipita bei ya kitabu, na mwanafunzi asiye na fedha akaona heri akifiche kuliko kukirudisha. Maktaba ya umma ya Chicago ilipofuta faini za kuchelewa mwezi Oktoba 2019, huku ikiendelea kudai fidia ya vilivyopotea, urejeshaji wa vitabu uliongezeka kwa asilimia 240 katika wiki tatu za mwanzo.

Fidia nayo iangalie umri wa kitabu. Kitabu cha kiada kilichokwisha kupita mikononi mwa wanafunzi wanne, jalada limegandishwa kwa gundi na kona zimejikunja, hakistahili kudaiwa kwa bei ya kipya. Iombe shule ikubali nakala iliyotumika ya toleo lilelile, au malipo kwa awamu yenye stakabadhi.

Kuhusu cha tatu, omba kuonyeshwa daftari la kuazimisha, ambamo panapaswa kuwa na nambari ya nakala, tarehe, hali ya kitabu siku kilipotoka na saini ya binti yako. Kisha mkutubi aitafute nambari hiyo kwenye rafu mbele yenu, kwani si ajabu kitabu kinachodaiwa kikakutwa kimetulia mahali pake, kilipokelewa bila kufutwa daftarini. Pasipo kumbukumbu hizo, dai la shule ni dhaifu.

Ama cheti, nasema bila kusita kwamba kisizuiwe. Ni matunda ya miaka yake ya masomo, na kukizuia humkosesha kazi ambayo ndiyo ingemwezesha kulipa. Mwandikie mkuu wa shule, upendekeze hati ya deni yenye tarehe za malipo, wewe ukiwa mdhamini, na upeleke barua hiyo pamoja na fidia ya kitabu cha kwanza.