Jamani, usilitupe hilo chujio!

Ndugu yangu wa Changamwe, hebu simama kwanza. Unataka kupima mpira, ukauliza kolamu gani (bomba la kutenganisha molekuli) ununue, bei, na kama polithini nayo itapimika kwa mashine hiyo hiyo ya kromatografia, ile inayopanga molekuli za mpira ulioyeyushwa kwa ukubwa. Lakini hapo ulipoandika "chujio likiziba nabadilisha naendelea", roho imeniuma. Ndivyo alivyotufanyia mtaalamu wetu wa kukodi.

Kinachoziba chujio hilo, mpira ulioyeyushwa unapopitishwa kabla ya kuingia mashineni, ni jeli: minyororo ya molekuli za mpira iliyofungamana hata haiyeyuki tena, inavimba tu. Mashine haiioni. Inasoma kilichopenya tundu za maikromita 0.45, basi.

Marobota yetu ya SBR, mpira wa kiwandani wa stairini na butadiene, yalikwama Kilindini ndani ya kontena, jua la Februari likiyapika kutwa. Mpira wenye butadiene ukipata joto na hewa, na dawa yake ya kuzuia oksijeni ikaisha, haulainiki kama mpira wa asili. Hufungamana ukawa mgumu. Bwana yule akachuja, akatupa, akatuletea ripoti yenye muhuri: uzito wa molekuli sawa na wa shehena iliyotangulia, mtawanyo wa urefu wa minyororo sawa. Tukachanganya. Soli za champali zikatoka na vinundu, zikapasuka pale vidole vinapokunja. Kumrudia, anasema eti mashine haidanganyi! Mashine ina kosa gani? Yeye ndiye aliyetia sehemu ya mpira kwenye ndoo ya taka asiiandike. Mpaka leo sijamsamehe.

Kwa hiyo jeli kwanza, grafu baadaye. Kata mpira vipande vya punje ya mchele, upime, utie kwenye kifuko cha wavu wa chuma cha pua ambacho nacho umekipima, uloweke kwenye toluini usiku kucha au zaidi, chupa imefungwa, gizani. Usitikise kwa nguvu, wala usitumie mawimbi ya sauti: yanakata minyororo mirefu, na hiyo ndiyo unayoitafuta. Kausha mpaka uzito utulie, upime tena. Asilimia iliyobaki iandike juu kabisa ya ripoti.

Watakwambia habari ya kusahihisha namba za mpira wako, kwa kuwa mashine hupimishwa kwanza kwa polistirini, plastiki nyingine kabisa. Sawa, watafiti Grubisic, Rempp na Benoit walionyesha njia tangu 1967, na uifuate. Ila hakuna hesabu itakayokurudishia mpira ambao haukuingia mashineni.

Na sampuli usichukue robota la katikati. Chukua lililoegemea ukuta wa kontena, ndilo lililopikwa zaidi.