Ukiitazama Jai Bhim, mfuate Sengeni

Wengi huitafuta Jai Bhim, filamu ya Kitamil ya mwaka 2021, kwa ajili ya Suriya anayeigiza wakili Chandru. Ananguruma vizuri, sikatai. Lakini mimi nakushauri umfuate Sengeni, mwanamke mjamzito wa Irula, jamii inayobaguliwa kusini mwa India, ambaye mumewe amekamatwa kwa tuhuma za wizi wa vito, kisha polisi wakadai ametoroka.

Niliwahi kuzunguka vituoni na jirani yangu akimtafuta mwanawe, basi jibu la "hayuko hapa" nalijua lilivyo. Dawati hili linakutuma dawati lile, na hakuna anayekutazama usoni. Ukipatwa na hayo, nenda na daftari. Andika saa uliyofika, jina la afisa wa zamu na namba ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo. Kalamu ikitoka tu, hata salamu hubadilika.

Silaha ya Chandru katika Mahakama Kuu ya Madras ni ombi la habeas corpus: mliyemshika mleteni mbele ya jaji. Kesi iliyozaa filamu ilitokea kweli mwaka 1993, na K. Chandru halisi baadaye akawa jaji wa mahakama hiyo hiyo. Hapa Kenya ombi hilo limo katika kifungu cha 51 cha Katiba. Kifungu cha 49 nacho kinataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, ila saa hizo zikiishia siku isiyo ya korti, husubiriwa siku ya korti inayofuata. Sasa jiulize kwa nini watu wengi hukamatwa Ijumaa jioni. Usingoje Jumatatu ndipo umtafute wakili.

Kasoro ninayoiona ni kwamba filamu inamtukuza wakili kupita kiasi. Hata hivyo, kuna pale mkubwa wa polisi anapomtandikia Sengeni pesa ili aiondoe kesi, naye anakataa: watoto wakiuliza hela imetoka wapi, awajibu nini? Hapo Chandru hana la kuongeza.

Itazame kwa Kitamil chenye maandishi chini. Iliyotafsiriwa na DJ iache kwanza, mizaha haikai vyema juu ya kilio. Ina dakika 164, na vipigo vya kule seli ni vizito mno. Watoto wakalale kwanza.