Kompyuta ya kusomea usanifu wa bidhaa: anza na programu

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mkazi wa Uyole, Mbeya, na ninatarajia kuanza masomo ya usanifu wa bidhaa za viwandani. Baba ameuza viazi vya msimu huu na kunitengea shilingi 1,500,000 za kompyuta. Muuzaji mmoja wa Mwanjelwa ananishawishi nichukue kompyuta mpakato mpya kabisa yenye ramu ya gigabaiti 4, akisema kitu kipya hakisumbui. Rafiki yangu naye anadai kwamba Blender, programu ya kuchora maumbo ya 3D, peke yake inatosha kazi zote, tena haina malipo. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimsikilize yeyote kati yao kabla hujauliza chuoni kwamba wanafundishia programu gani, kwa sababu kompyuta hununuliwa kwa kufuata programu. SolidWorks, kwa mfano, ambayo ipo sokoni tangu 1995, huendeshwa kwenye Windows tu, ilhali Rhino na Fusion hukubali Windows na Mac.

Rafiki yako hajakosea kuisifu Blender. Mimi mwenyewe huitumia kurenda, yaani kugeuza mchoro kuwa picha inayofanana na kitu halisi, ili nipate picha za mwisho za kumwonyesha mteja. Tatizo ni kwamba umbo la Blender ni wavu wa nukta na vipande vidogo vidogo, si umbo linalotawaliwa na vipimo. Chukua kreti ya kubebea viazi, uliyoichora kwa mbao za paini zenye unene wa milimita 20. Fundi anakupigia simu kwamba mbao alizozipata Mafinga ni za milimita 25. Katika programu inayofuata vipimo, kama FreeCAD au Fusion, unabadilisha tarakimu moja, na ikiwa ulifungamanisha vipimo vyako vizuri tangu mwanzo, mifereji ya maungio na urefu wa mbao za pembeni hujirekebisha vyenyewe. Katika Blender utasogeza nukta hadi usiku. Kwa mwanafunzi wa fani yako, kujifunza kufikiri kwa vipimo ndiyo kazi ya mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo, wakati unasubiri jibu la chuo, pakua FreeCAD. Toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024, ni bure, na halihitaji bando ukishaliweka, ingawa mpangilio wa menyu zake unachosha. Fusion hutolewa bure kwa wanafunzi waliothibitishwa, lakini kazi zake huhifadhiwa mtandaoni, na Onshape, programu nyingine ya vipimo, hufanya kazi ndani ya kivinjari, hivyo mtandao ukikatika nayo imesimama. Programu za kukraki, yaani zilizovunjwa ulinzi ili zitumike bila leseni, zinazopitishwa kwa flashi usiziguse. Mara nyingi huja na virusi.

Sasa kompyuta. Ramu ya gigabaiti 4 haitakufikisha popote. Tafuta 16, au 8 ikiwa kuna nafasi ya kuongeza. Katika kuchora umbo, programu hizi hutegemea zaidi kasi ya kiini kimoja cha prosesa (ubongo wa kompyuta, wenye viini kadhaa), na wingi wa viini pamoja na kadi ya michoro husaidia hasa wakati wa kurenda. Ndiyo maana ningekushauri utafute kompyuta iliyotumika, lakini iliyotengenezwa kwa kazi nzito: Dell Precision, HP ZBook au Lenovo ThinkPad za kundi la P, yenye diski ya SSD na kioo cha 1920 kwa 1080, maana kwenye kioo cha 1366 kwa 768 menyu hula nusu ya mchoro.

Ukiwa dukani, soma namba ya prosesa. Ikiandikwa i7-8850H, tarakimu ya kwanza baada ya kistari inaonyesha kizazi cha nane. I7-7820HQ ni cha saba. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa kuwa Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel huanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache za nyuma yake. Kisha fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, fungua ripoti itakayotengenezwa, na ulinganishe ujazo wa betri wa kiwandani na ule uliobaki. Muuzaji akikasirika, nenda duka la pili. Chenji itakayobaki inunulie kipanya chenye gurudumu, kwani kuzungusha umbo kwa kidole ni mateso.

SWALI: Kaka yangu ameniachia MacBook ya M1 yenye ramu ya gigabaiti 8. Niiuze ninunue ya Windows? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Usiiuze bado. FreeCAD, Blender, Rhino na Fusion zote zinaendeshwa humo, ila ramu yake haiongezeki. Chuo kikisema SolidWorks ni lazima, hapo itafutie mnunuzi.