Kwa sababu Dodoma ni katikati, niweke godauni huko?

SWALI: Habari kaka. Nasambaza vigae na misumari, stoo yangu iko Dar, wateja wako Mbeya, Arusha na Mwanza. Kuna dalali ananiuzia eka 5 Dodoma, anasema ndo katikati ya nchi, mzigo ukikaa pale unafika kila kona kwa bei rahisi, halafu SGR, reli mpya ya kisasa, imeshafika. Kanitumia na video ya Memphis, mji wa kule Marekani unaosifika kwa kusambaza mizigo. Ninunue?

JIBU: Hizo eka 5 mwezi huu peke yake wewe ni wa nne kuniuliza, na video ya Memphis nimeshaiona mpaka nimeichoka.

Tuanze na njia zako. Gari ya Arusha ikitoka Dar inakata Chalinze, Segera, Korogwe, haijui hata Dodoma ikoje. Gari ya Mbeya ikifika Morogoro inashika Mikumi, Iringa, Makambako. Ukiilazimisha ipite Dodoma kwanza ndo ishuke Iringa umejiongezea zaidi ya kilometa 200, dizeli ya nani? Inayobaki ni Mwanza tu, hiyo kweli inapita Dodoma, ila ukishusha mzigo pale na kuupakia tena unalipa makuli mara mbili, na vigae unavijua, kila ukivishika kuna boksi linavunjika. Kwa hiyo wateja wako wa sehemu tatu, Dodoma inakusaidia nusu ya sehemu moja.

Kinachoniudhi ni hii imani kwamba katikati ya ramani ndo katikati ya mzigo. Jamani, lori halitembei kwa rula! Bei ya usafiri inaamuliwa na kitu ambacho madalali hawakitaji kabisa, mzigo wa kurudi. Semi ikipeleka saruji Dodoma ikarudi Dar tupu, dereva na tajiri yake wanakupiga bei ya kwenda na kurudi, hata kama hawakwambii. Ndo maana wenye magari msimu wa mahindi wanazengea Kibaigwa, au wanatafuta alizeti Singida, ili wasirudi na upepo. Na yale malori mnayoyaona yamepanga foleni kuelekea mipaka ya Rusumo na Kabanga, ule ni mzigo wa transit, unapita tu kwenda nchi jirani, kontena lina sili, huruhusiwi kulifungua njiani ukagawa. Dodoma inaambulia dizeli, chipsi na gesti.

Memphis nayo haikuwa Memphis kwa kuwa katikati tu. FedEx, kampuni ya kusafirisha vifurushi, walianza pale 1973 wakiwa na ndege 14, ujanja wao ulikuwa ndege zote zikutane usiku, zibadilishane vifurushi, kila moja iondoke na vya kwake. Zinaingia na mzigo, zinatoka na mzigo. Halafu mji wenyewe una mto mkubwa wa Mississippi, reli za makampuni kadhaa na barabara kuu mbili zinazokutana. Sasa niambie, kwenye hizo eka zako lori likishusha vigae litapakia nini?

SGR sawa, treni ya mizigo kushusha Ihumwa, stesheni ya mizigo ya Dodoma, ni jambo kubwa, silikatai. Lakini kiwanja kikiwa kilometa 30 kutoka Ihumwa utakodi lori lilelile ulilokuwa unalikimbia. Na reli haiishii hapo, inajengwa kwenda Tabora, Isaka mpaka Mwanza, ikikamilika mzigo wa Mwanza utapita Dodoma bila kukusalimia. Isaka kuna bandari kavu miaka na miaka, mzigo wa Rwanda na Burundi unaijua.

Sisemi Dodoma haina biashara. Serikali imehamia, watu wanajenga kila siku, vigae vinatembea. Ila hapo Dodoma ni soko, sio kituo cha nchi nzima. Kodi stoo ndogo, uza mjini, Kongwa, Kondoa, Manyoni, kwa kenta au Fuso. Mbeya na Arusha waache wapokee moja kwa moja kutoka Dar.

Na nyie wengine mnaouziwa "viwanja vya lojistiki" Chalinze, Makambako, sijui wapi, muulizeni dalali maswali mawili tu: malori mangapi yanashusha hapa kwa siku, na yanaondoka yamebeba nini? Akianza kukuonyesha ramani kwenye simu, muage.