Marefa wa futiboli ya vyuo Marekani wanabeba timu? Upendeleo upo, ila tunautafuta pasipo

Mtoa mada ameuliza kama marefa wa futiboli ya vyuo huku Marekani (ule mchezo wa kukimbia na mpira mkononi) wanabeba timu kubwa, maana chuo chake kimemiminiwa vibendera vya njano, yaani adhabu, mpaka mechi ikawashinda. Mimi naishi Ohio, na msimu ukiingia huwa nachezesha mechi za sekondari Ijumaa usiku, kwa hiyo najibu kama mtu anayevaa zile fulana za milia.

Kwanza tuondoe habari ya njama. Makosa makubwa ambayo watu hawayasahau yanaonyesha uzembe zaidi kuliko hila. Mwaka 1990 Colorado walipewa jaribio la tano la kusogeza mpira dhidi ya Missouri, sheria inaruhusu manne, wakafunga na kushinda 33-31. Hesabu iliwapotea tu. Mwaka 2015 Miami walirudisha mpira kwa pasi nane za nyuma, muda umeshakwisha, wakawafunga Duke 30-27, na goti la mchezaji wao mmoja lilikuwa limeshagusa chini akiwa na mpira, yaani mechi ilipaswa kuishia hapo. Mwaka uliofuata Central Michigan, timu ndogo kabisa, waliongezewa mchezo mmoja wasiostahili nyumbani kwa Oklahoma State wakaondoka na ushindi wa 30-27. Kama kuna mtu alitoa maagizo ya kubeba wakubwa, siku ile hayakufika. Mara zote tatu marefa walisimamishwa.

Upendeleo wenyewe umekaa kwenye makosa yanayoamuliwa kwa jicho, hasa kumshika mpinzani na kumzuia mpokeaji pasi. Wachezaji wa mstari wa mbele wanashikana karibu kila mpira unapoanzishwa. Ukitupa kibendera kila mara, mtamaliza mechi alfajiri. Tunachofundishwa ni kuangalia kama kule kushika kumesaidia: mkimbiaji kapita hapo, au alikuwa upande wa pili kabisa? Sasa hapo kwenye "kama" ndipo binadamu anapoingia.

Nikiwa mwamuzi wa mstari nasimama mita chache mbele ya benchi. Kocha anaanza dakika ya kwanza: "Sabini na mbili anashika! Hebu mwangalie sabini na mbili!" Hajanitukana, hajanihonga. Lakini ikifika robo ya pili macho yangu yanakwenda kwa sabini na mbili yenyewe, na namba 65 pembeni yake anashika kwa raha zake. Benchi la upande wa pili nalo linamfanyia mwenzangu vilevile, kwa hiyo makocha wanakatana. Mashabiki ndio hawakatani. Uwanja wa Ohio State unaingiza zaidi ya watu 100,000, na karibu wote wanazomea upande mmoja. Watafiti waliopitia mechi za mpira wa miguu za Ulaya zilizochezwa viwanja vitupu mwaka 2020 walikuta marefa wamepunguza kuwaadhibu wageni. Mimi hilo halikunishangaza hata kidogo.

Oktoba 2024 huko Austin, Texas walinasa pasi ya Georgia, marefa wakasema wamemzuia mpokeaji. Mashabiki wakarusha chupa uwanjani, mechi ikasimama, na wakati takataka zinaokotwa marefa wakakaa kikao na kufuta adhabu. Inawezekana uamuzi wa pili ndio ulikuwa sahihi, mimi naona ulikuwa. Lakini nani atakuamini ukibadili mawazo chupa zikiwa bado zinaanguka? Georgia walishinda 30-15, kwa hiyo kelele zikaisha mapema. Texas walipigwa faini ya dola 250,000.

Kinachonikera zaidi ya marefa wenyewe ni nani anayewapanga. Si kama TFF inavyopanga marefa wa nchi nzima. Kila konferensi (kundi la vyuo vinavyocheza ligi pamoja), iwe SEC, Big Ten au nyingine, ina marefa wake, inawalipa na kuwapandisha daraja. Na konferensi hiyohiyo inavuna mamilioni timu zake zikiingia kwenye mtoano wa ubingwa. Mwaka 2018 ilifichuka kwamba mwanasheria wa konferensi ya Pac-12 alipiga simu na kuingilia uamuzi wa chumba cha marudio ya video, mechi ya USC na Washington State, na mkuu wa konferensi akakiri lilikuwa kosa. Hiyo kwangu ni mbaya kuliko jaribio la tano la Colorado mara kumi. Ajabu ni kwamba mechi za mtoano wenyewe hupewa marefa wa konferensi isiyohusika, maana yake wakubwa wanajua tatizo liko wapi. Novemba, timu zinapogombea kuingia humo, wanarudi kuchezesha marefa wa konferensi yenyewe.

Sasa mkuu, usihesabu jumla ya vibendera, haikusaidii. Kuanza kabla ya mpira au kuchelewesha mchezo ni makosa ambayo hata bibi yangu angeyaona, yatoe. Bakiza kushika na kuzuia mpokeaji tu, kisha tenga mechi za nyumbani na za ugenini. Kama chuo chako kinaadhibiwa hivyo hata kikiwa kwao, mlaumu kocha wa mstari wa mbele. Kama ni ugenini tu, lete hapa namba tuzichambue.