Kuchora kwa namna ya Raja Ravi Varma: dhahabu ije mwisho

Anayeanza kuchora mungu wa kike au binti mfalme wa Kihindi kwa rangi za mafuta mara nyingi hukimbilia mapambo. Anachora mikufu, kipini, taji na pindo la dhahabu, kisha anatafuta mahali pa kuutia mwili. Matokeo yake ni sanamu ya dukani iliyovikwa vito. Sisi tunashauri uanze na mkono na mkao wa mwili, ufuatishe kitambaa, na dhahabu uiguse wakati picha imebakiza siku chache kukamilika.

Mwalimu mkuu wa njia hii ni Raja Ravi Varma (1848–1906), mzaliwa wa Kilimanoor, Kerala. Matumizi ya rangi za mafuta aliyapata kwa sehemu kwa kumtazama Theodor Jensen, mchoraji aliyetoka Ulaya akafika kwenye kasri la Travancore, ufalme wa kusini mwa India. Kisha akawachora watu wa Mahabharata na Purana, masimulizi ya kale ya Kihindu, kama wanadamu wenye uzito, ngozi na kivuli. Mwaka 1894 alianzisha kiwanda cha uchapaji Bombay, na nakala za picha zake zikaingia majumbani mwa watu wa kawaida. Itazame picha yake ya Damayanti ya mwaka 1899, ambamo bata maji anamletea binti huyo habari za Nala, mfalme anayempenda. Vito vipo, lakini jicho linakwenda kwanza kwenye jinsi alivyosimama na anavyosikiliza.

Mapokeo ya Kihindi yana hesabu yake ya mwili. Kipimo ni tala, yaani urefu wa uso kutoka zinapoanza nywele hadi kidevuni, nayo hugawanywa katika angula 12. Umbo la tala 9 lina angula 108. Hesabu hiyo ni ya sanamu na michoro ya ibada. Ravi Varma alifuata vipimo vya mtu hai. Chagua moja tangu mwanzo. Ukichanganya kichwa cha vipimo vya ibada na mabega ya mtu wa kawaida, mtazamaji ataona kasoro hata kama hajui ilipo.

Kwa mkao, jifunze tribhanga: mwili unapinda sehemu tatu, shingoni, kiunoni na gotini, uzito wote ukiwa mguu mmoja. Kosa la kawaida ni kupindisha kiuno na kuacha mabega yamelala sawa kama rafu. Nyonga ya mguu unaobeba uzito ikipanda, bega la upande huo hushuka. Mikono nayo ina lugha yake. Kiganja kilichoelekezwa mbele, vidole juu, ni abhaya, ishara ya kuondoa hofu. Kiganja kilichoteremshwa, vidole chini, ni varada, ishara ya kutoa. Usimpe mtu ishara kwa sababu inapendeza tu. Msomaji wa Kihindi ataisoma kama sentensi, na ikiwa haina maana ataona umekosea.

Sasa vifaa. Kanvasi ya sentimita 60 kwa 80 inatosha kwa mtu mmoja. Chini ya hapo vito vinakuwa vidogo mno. Paka jeso (rangi nyeupe ya msingi) tabaka tatu, kila moja ikikauka ipige msasa laini. Tandaza amba iliyochomwa (rangi ya udongo ya kahawia iliyoiva) iliyozimuliwa na tapentaini, kisha futa kwa kitambaa hadi ibaki rangi ya chai ya maziwa. Juu yake chora kwa mkaa, halafu jaza mwanga na kivuli kwa amba na nyeupe pekee. Amba ina manganizi, hivyo hukauka haraka. Siku mbili tatu unaendelea. Tabaka hili lisiwe na mafuta ya ziada. Rangi yenye mafuta mengi hukauka polepole, hivyo ukiiweka chini, ya juu itatangulia kukauka na baadaye itapasuka. Kila tabaka lizidi lile la chini yake kwa mafuta kidogo.

Ngozi ndiyo inayowashinda wengi. Anza na sehemu 3 za oka ya manjano, 2 za siena iliyochomwa (zote ni rangi za udongo, siena ikiwa ya kahawia nyekundu), na nyeupe isiyozidi sehemu 1. Nyeupe ikizidi, ngozi ya kahawia inageuka majivu. Kivuli kifanye kwa amba iliyochomwa na tone la buluu ya altramarini. Rangi nyeusi ya tyubu inaua kivuli, kinaonekana kama shimo. Kati ya mwanga na kivuli tia mchanganyiko wa oka na altramarini kidogo sana, unaotoa kijani hafifu. Ukiitazama peke yake utaidhani kosa, lakini ndiyo inayofanya shavu lizunguke. Mng'ao wa ngozi uwe mdogo na wa rangi baridi, yaani yenye kuelekea buluu, kwenye paji la uso, pua na mfupa wa bega.

Sari ni somo kubwa, na ukiwa Mombasa au Dar es Salaam una bahati: maduka ya vitambaa ya Wahindi yapo, nunua au azima sari halisi uitundike karibu na dirisha. Hariri nzito ya Kanchipuram ina mikunjo michache yenye kingo kali na mng'ao mwembamba. Pamba ya Kerala, ile nyeupe ya maziwa yenye pindo la dhahabu, huvunjika kwa pembe na haing'ai. Ravi Varma aliwavisha wengi wa mashujaa wake wa kike sari ndefu ya Kimarathi, ambayo hupitishwa katikati ya miguu na kuchomekwa nyuma, kwa hiyo umbo la mguu linaonekana. Ukichora sari hiyo kama gauni umeshapotea.

Chora marinda na mikunjo yote kana kwamba kitambaa hakina urembo. Acha kikauke, kisha ndipo uweke pindo la zari (uzi wa dhahabu), likipanda na kuzama pamoja na kila mkunjo na kukatika panapojificha. Pindo lililonyooka juu ya mikunjo huifanya sari ionekane ubao. Kwa hariri nyekundu, weka kadmiamu nyekundu chini, ngoja wiki moja au zaidi, halafu pitisha juu tabaka jembamba la nyekundu linalopitisha mwanga. Kimiminika chake ni sehemu 1 ya mafuta ya kitani kwa 2 za tapentaini. Wengi hutumia alizarini hapa, lakini katika tabaka jembamba hupauka kwa mwanga. Kwinakridoni, nyekundu nyingine, inadumu zaidi.

Na dhahabu? Usinunue rangi ya shaba ya kung'aa. Hubadilika mtazamaji anaposogea, na baada ya muda inaweza kuwa nyeusi au ya kijani. Dhahabu ya Ravi Varma ni rangi za udongo. Bangili iliyo nzuri ni karibu nusu amba iliyochomwa, sehemu kubwa ya iliyobaki ni oka ya manjano, na mwanga mkali ni nukta chache nene za manjano ya kadmiamu na nyeupe. Ongeza wekundu wa sari ndani ya kivuli cha bangili, kwa kuwa chuma kilichong'arishwa huakisi kilicho jirani.

Anayetaka jani la dhahabu lenyewe, yaani dhahabu iliyofuliwa nyembamba kama karatasi, kama picha za Tanjore, mji wa kusini mwa India, aache kanvasi atumie ubao. Mafundi wa Tanjore walitumia mbao za mfenesi zilizobandikwa kitambaa, wakainua mapambo kwa chokaa na gundi, wakabandika dhahabu, kisha wakapaka rangi. Chokaa hiyo haijui kupinda. Kwenye kanvasi itabanduka.

Usidhani pia kwamba Uhindi katika mafuta ni vito tu. Amrita Sher-Gil (1913–1941), aliyesoma Paris, aliyaona mapango ya Ajanta yenye michoro ya kale ukutani, na katika picha zake za kusini mwa India za mwaka 1937 alipunguza kivuli na kupanga watu kama maumbo mapana yaliyotulia. Ukimfuata yeye, rangi tano zinatosha: oka nyekundu, oka ya manjano, kijani cha udongo, nyeusi na nyeupe. Hakuna tabaka la kupitisha mwanga wala nukta za kung'aa. Kwa anayeanza, binafsi ningempeleka huku kwanza.

Pwani unyevu huchelewesha kukauka na kuleta koga nyuma ya kanvasi, kwa hiyo iache mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite. Vanishi isubiri miezi 6, na zaidi kama nukta za dhahabu ni nene. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani usiyarundike, maana yanaweza kuwaka yenyewe. Yatandaze nje moja moja au yaloweke kwenye maji kabla ya kuyatupa.